Neno la Mteja wa Kwanza

Katika mtaa wetu, mtu aliyetaka kunyolewa haraka hakukubali kuingia wa kwanza kwa baba yangu asubuhi. Alijibanza huko nje mpaka mwenzake akalie kile kiti chekundu na kuondoka, ndipo akajitokeza akipangusa jasho la uongo. "Loo, leo nimechelewa, Kinyozi." Baba alikuwa anawajua wote. Alikung'uta shuka la kunyolea na kusema, "Umechelewa kweli. Neno limeshaondoka na mwenzako."

Utaratibu wa chumba chetu cha kunyolea ndio ulikuwa huo. Mteja wa kwanza hakunyolewa mpaka asomewe Neno la siku hiyo na aseme kitu juu yake. Hakutakiwa kuhubiri. Alitakiwa kusema kitu tu. Baba alimfunga shuka shingoni, nami nikasimama kando ya kioo na sare zangu za shule, Biblia mkononi, nikasoma kuanzia pale kilipokaa kitana. Hicho kitana kilikuwa kimevunjika meno upande mmoja, hakifai tena kwa kichwa cha mtu, basi Baba akakipa kazi ya kushika ukurasa. Nikimaliza, Baba alichukua mashine lakini hakuiwasha. Aliuliza swali lake moja: "Limekugusa wapi?"

Ukijibu, mashine inawaka. Usipojibu, mnakaa mnatazamana kwenye kioo. Nilishamwona fundi baiskeli mmoja, mbishi kuliko punda, akikaa na shuka lake shingoni mpaka nikachelewa shule. Mwishowe akapasuka: "Halijanigusa popote, Kinyozi! Popote!" Baba akasema, "Hilo nalo ni jibu," akawasha mashine. Fundi baiskeli alirudi wiki iliyofuata, asubuhi na mapema, akiwa wa kwanza. Sijui hata leo kilimrudisha nini.

Jambo jingine, Baba hakuchagua. Tulisoma kwa mpangilio, kipande kwa kipande, tukifika mwisho tunaanza upya. Wateja walimsihi. "Kinyozi, leo nina kesi, nisomee kitu cha kutia moyo." Yeye alitikisa kichwa. "Neno si nyanya za sokoni, ndugu yangu. Huminyi-minyi ukachukua iliyoiva."

Ndiyo maana bwana harusi mmoja alikumbana na yake. Alikuja alfajiri ya siku yake kubwa, ananukia marashi, anataka atoke hapo anang'aa. Nikafungua penye kitana. Ilikuwa ni zile sheria za mtu aliyepona ukoma: anyolewe nywele zote, kichwa, ndevu, mpaka nyusi. Nilisoma kwa sauti ya kanisani kabisa. Nilipofika kwenye nyusi, bwana harusi aliruka na shuka lake. "Mzee! Nyusi niachie!"

"Kaa chini," Baba alisema. "Limekugusa wapi?"

"Kwenye nyusi!"

Baba alicheka mpaka akaweka wembe mezani. Alipotulia alimwambia, "Sikiliza mwisho wake lakini. Yule mtu alikuwa amekaa nje ya watu wake muda mrefu. Ananyolewa ili aingie nyumbani. Na wewe leo unanyolewa uingie nyumbani. Mshukuru Mungu, na nyusi zako unaondoka nazo." Bwana harusi yule ana wajukuu sasa. Bado akikutana nami njiani anajishika nyusi.

Nazikumbuka zile asubuhi kwa pua. Spiriti, poda, mafuta ya mashine, na chai ambayo Mama aliileta kupitia mlango wa ndani, kwa sababu kinyozi, yaani hicho chumba cha kunyolea, kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu na sisi tuliishi nyuma yake. Baba alifagia nywele taratibu, kama mtu anayekusanya punje asizitake zipotee. Niliwahi kumuuliza kwa nini hafagii upesi kama watu wengine. Akasema, "Hizi zilihesabiwa, mwanangu. Aliyezihesabu akinikuta nazipiga mateke nitamwambia nini?"

Na mimi nilikuwa na ujanja wangu. Nikikutana na majina magumu, yale ya mwana wa fulani mwana wa fulani, niliyaruka. Nilikuwa na haraka, na nina hasira za karibu tangu utotoni. Jina lenye silabi sita lilinitia uchungu. Nilikuwa naruka kwa ufundi, bila kusita, sauti haipandi wala haishuki. Baba alikuwa amenipa mgongo, anatia mafuta mashine. Bila kugeuka alisema neno moja.

"Rudi."

"Baba, ni jina tu hilo."

"Ni mtu. Mama yake alimpa jina hilo. Wewe ukikaa foleni wakaliruka jina lako, utafurahi? Rudi."

Nikarudi. Nililitamka kwa kulitafuna, huku mteja ananicheka chini kwa chini. Siku nyingine nikajaribu tena, maana sikio la kufa halisikii dawa, na tena nikasikia "Rudi". Sikumkwepa hata mara moja. Nadhani alikuwa anaijua orodha yote kwa moyo na alikuwa anatusikiliza mimi na wale marehemu kwa pamoja.

Nikishika begi langu kutoka, aliniwahi mlangoni. "Na wewe? Limekugusa wapi?"

Kengele ya shule ilikuwa inakaribia kulia. Nilijibu la kujibu: "Kichwani!"

Baba hakukasirika hata siku moja. Alisema, "Haya. Litashuka," akarudi kwa mteja wake. Kila siku ya Mungu, miaka yote ile. Kichwani, Baba. Haya, litashuka.

Mteja wa kwanza wa mara nyingi kuliko wote alikuwa Mwashi. Alijenga nyumba za watu, kazini kwake walianza mapema, basi hakuwa na saa nyingine ya kuja. Nywele zake zilikuwa na saruji kiasi kwamba Baba alidai mashine ikimnyoa inatoa cheche. Walikuwa watani. Mwashi hakuwa mtu wa kanisa. Siku ya kwanza kabisa alisema wazi, "Kinyozi, nimekuja kunyolewa, sikuja kubatizwa."

"Sijakuletea maji," Baba alisema. "Sema lolote."

Basi alisema lolote. Kwa muda mrefu aliyosema yalikuwa ya ujenzi tu. Safina alitaka kujua nani aliikagua. Mnara ule wa watu waliotaka kufika mbinguni alisema ulianguka kwa sababu kila mtu alikuwa msimamizi. Na yule aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga, Mwashi alipiga paja kwa hasira: "Huyo hakuhitaji mhubiri, alihitaji fundi!" Baba alicheka, akamnyoa. Sikumsikia akimsahihisha.

Kisha ikaja asubuhi nyingine, nami nilikuwa karibu kumaliza shule. Tulisoma mahali panapotaka mtu aache sadaka yake na kwenda kwanza kupatana na ndugu yake. Baba akauliza swali lake. Nikangoja mzaha wake, haukuja. Aliinua mkono uliokauka saruji akauweka kifuani. "Hapa," alisema. Alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja ambaye walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Jioni ile nilipotumwa dukani niliwaona wote wawili wamekaa juu ya tofali, wanakula muwa, hawaongei, wanatema makapi tu.

Nilimuuliza Baba, Mwashi ameokoka lini. Alikuwa ananoa wembe. "Imani ni kama nywele," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kuziona zikiota. Unaona tu mtu amerudi kwenye kiti."

Nililipenda neno hilo, nikalibeba, kisha nikalisahau mahali.

Maana nilikua, nikaondoka. Nilisomea kazi ya dawa na nikapata ajira kwenye duka la dawa katika mji mwingine. Maisha yangu yakawa ya chupa na vibandiko: moja mara tatu, baada ya chakula, tikisa kabla ya kutumia. Mama alifariki, nikaja kuzika, nikarudi kazini. Biblia ilikaa juu ya kabati. Sikugombana na Mungu, la hasha. Tuliacha tu kusalimiana, kama majirani wawili ambao kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyenyamaza kwanza.

Baba aliendelea. Waliojua kusoma walijisomea wenyewe kitini. Na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, na Mama ndiye aliyekuwa akimnyoa Baba, baada ya Mama kazi hiyo aliichukua Mwashi. Alimnyoa kama anavyopiga plasta ukuta wa uani. Baba yangu alinyoa vichwa vya mtaa mzima vikapendeza, na yeye akatembea na kichwa chenye mabonde. Akiulizwa alisema, "Heshimuni. Hii kazi ya fundi."

Halafu nikapigiwa simu. Baba alikuwa ameanguka asubuhi, akifungua kinyozi. Kiharusi. Mwashi ndiye aliyemkuta sakafuni, maana bado alikuwa mteja wa kwanza, na ndiye aliyembeba.

Nilichukua likizo nikaja. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, lakini hayo hayakunitisha kama kinywa chake. Baba hakusema neno. Hata sauti hakutoa. Mama mmoja wa hospitali, kazi yake kuwafundisha wagonjwa kuongea tena, alituambia kwamba ulimi haujafa. "Maneno yapo ndani," alisema. "Mchokozeni kwa vitu alivyovizoea. Lakini mwenyewe asipotaka, asipojaribu sasa, yatazidi kwenda mbali."

Na mwenyewe hakutaka. Tulimrudisha nyumbani, akageukia ukutani. Nilimpigia nyimbo alizozipenda. Nilimletea picha ya Mama. Nilimtania, nikamkaripia, nikalia mbele yake bila aibu. Alinitazama kwa adabu kama mtu anayetazama mgeni wa jirani, akafumba macho. Nywele zikamjaa, ndevu zikamjaa nyeupe, na tukijaribu kumnyoa aliisukuma mikono yetu kwa ule wake mzima. Kaka yangu alikuja mwisho wa juma. Kaka si mtu mbaya, ni mtu wa mipango. Alisema mwisho wa mwezi atamchukua Baba akakae kwake, kinyozi kifungwe, kile chumba apewe mtu wa kutengeneza simu. "Humu ndani anajionea tu alivyovipoteza," alisema. Nilijua kwamba Baba akitolewa mle akiwa kimya, atakaa kimya mpaka kaburini.

Utaniuliza, na Biblia je? Ilikuwa mezani kwenye kinyozi, ipo na kitana chake, na mimi nilikuwa naipita kama mtu anayepita mlango wa anayemdai. Niliona haya. Nilijiuliza, nimsomee kitu ambacho mimi mwenyewe sikisomi? Yeye si angesikia? Mtu aliyesikia jina moja nililoliruka akiwa amenipa mgongo, asisikie moyo mtupu?

Mwishowe hofu ikaizidi haya. Niliichukua, nikaketi kando ya kitanda, na nikafanya kama ninavyofanya dukani: nikatafuta dawa ya ugonjwa. Nilipitisha kurasa mpaka nikampata yule aliyepooza ambaye rafiki zake walimshusha kupitia paa, akasimama akabeba kitanda chake. Nilisoma vizuri. Nilisoma kwa kumaanisha, nikamtazama.

Baba alifumba macho. Kisha, polepole, kwa taabu kubwa ya mwili ule mzito, akajigeuza akanipa mgongo.

Niliumia, sitaficha. Nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti cha kinyozi nikisema moyoni kwamba sasa basi, kama hata hilo analikataa, Kaka amchukue tu. Ndipo Mwashi alipokuja. Amezeeka, mgongo umepinda na kichwani hana tena unywele hata mmoja, saruji imekosa pa kushika. Bado alikuwa anakuja kila asubuhi.

"Umekalia njia ya wateja," alisema.

"Mzee, hakuna wateja. Na wewe unakuja kunyolewa nini?"

"Kichwa changu hakikuhusu." Akanitazama vizuri. "Kuna nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja. "Ulisoma penye kitana?"

"Hapana. Nilimtafutia la mgonjwa."

Mwashi alisonya, sonyo refu la mtu aliyekuta ukuta umepinda. "Sasa unashangaa nini? Umemminyia nyanya! Mtu amekaa miaka yote hiyo anawakatalia watu, mtoto wake wa kumzaa anakuja kumchagulia. Mimi pia ningekugeuzia mgongo." Akapita juu ya miguu yangu akaingia ndani. "Inuka. Siku ile alipoanguka mimi ndiye nilikuwa wa kwanza, na sikusomewa. Zamu yangu ipo. Nampa yeye."

Tulimtoa Baba kitandani, Mwashi huku, mimi huku. Hakukataa, nadhani kwa kushtuka tu. Tulimvusha mlango wa ndani, tukamkalisha kwenye kiti chekundu. Nikafungua mlango wa mbele, mwanga wa asubuhi ukaingia mpaka kwenye kioo. Baba akajiona. Alijitazama muda mrefu, na nywele zake zile kama za mtu aliyetoka porini, na midomo iliyoteleza upande. Niliogopa atalia. Mwashi akamfunga shuka shingoni.

"Taratibu na mkono ule mgonjwa," nilimwambia.

"Najua. Soma."

Nilifungua penye kitana, nikakiacha kwenye mkono wa kiti. Ilikuwa orodha. Ule mji uliobomolewa ukuta, na watu waliojitokeza kuujenga upya, huyu kipande hiki, aliyefuata kipande kile, majina matupu kutoka juu mpaka chini ya ukurasa. Hakuna aliyeponywa humo, hakuna aliyefarijiwa. Nilimtazama Mwashi kwa macho ya kumwomba.

"Hapo hapo," alisema. "Na usisahau sheria. Hanyolewi mpaka aseme kitu."

"Mzee, huo ni ukatili! Atasemaje?"

"Sheria ni ya kwake, sikuitunga mimi. Nilinyimwa mashine kwenye kiti hicho hicho. Soma, binti yangu."

Nikasoma. Kuhani mkuu na ndugu zake kwenye lango la kondoo, kisha wa mji fulani, kisha wana wa fulani kwenye lango la samaki. Baba alikuwa anatazama kioo, sijui kama alisikia. Nilikuwa nimechoka, hasira za Kaka na za Mwashi na za nafsi yangu zote zimenikaa kifuani, na huko mbele nikaliona linakuja: Meshulamu, mwana wa Berekia, mwana wa Meshezabeli. Sikukusudia, naapa. Ulimi ulikumbuka wenyewe njia ya utotoni. Meshulamu mwana wa Berekia, nikasema, na karibu nao akajenga...

"Ru..."

Nilidhani ni kiti kimelia. Niliinua macho. Kwenye kioo, uso wa Baba ulikuwa umekunjamana, mshipa umemsimama shingoni, midomo ile iliyoteleza inatafutana. Mwashi alikuwa ameganda na brashi mkononi.

"Ru-di."

Biblia karibu initoke. "Baba?"

Alinitazama kupitia kioo, na hakuwa anamtazama tena mgeni wa jirani. Alikuwa amekasirika. Ewe Mungu wangu, jinsi nilivyokuwa nimeikosa hasira ile. "Rudi," alisema, safari hii kipande kimoja.

Nilirudi. Nilimtamka Meshezabeli silabi kwa silabi huku machozi yananiingia mdomoni, nikamtamka mara ya pili bila kuombwa. Nyuma yangu Mwashi alikuwa amejifunika uso kwa mikono yake yote miwili na mabega yanacheza. Kisha nikaendelea, maana sikuthubutu kusimama. Nikafika kwa wale wakubwa wa mji mmoja ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao waifanye ile kazi, na Mwashi, bado amejifunika, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Wateja wa namna hiyo tunawajua, Kinyozi. Unamwambia inama, anakaza shingo." Kitu kikatoka kifuani mwa Baba. Kilikuwa kicheko. Kilikuwa kimepinda upande mmoja kama midomo yake, lakini nilikijua.

Wafua dhahabu walijenga. Mtengeneza marashi alijenga. Watu wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, basi, hawakwenda mbali. Na karibu na mwisho wa kipande cha siku hiyo alikuwamo mtu mmoja, mkuu wa nusu ya mtaa wake, ambaye inasemwa alijenga yeye pamoja na binti zake. Sikumbuki kama niliwahi kuwasoma hao zamani. Bila shaka niliwaruka, nilikuwa na haraka ya shule. Nikasimama hapo. Walikuwa wamekaa mle ukurasani siku zote, baba na binti zake na mawe yao, wananingoja.

"Amesema," Mwashi alitangaza. "Nyoa."

"Ninyoe mimi? Si wewe ndiye..."

"Mikono yangu siku hizi haina ujasiri. Na wewe umeshaona kazi yangu."

Nikashika mashine. Sikuwahi kumnyoa mtu. Ilinguruma mkononi mwangu na nikaona kwenye kioo Baba ananikagua jinsi nilivyoishika, hakupendezwa. "Baba," nilisema, "inamisha shingo." Akainamisha. Nilipita taratibu, nywele nyeupe zikawa zinaanguka kwenye shuka na mapajani mwake na kwenye viatu vyangu. Nilimwachia mabonde, nakiri, lakini Mwashi alisema ni madogo kuliko yake. Nikamnyoa ndevu. Uso wa Baba ukatoka chini yake, umekonda, ukiwa wake.

Nilifagia. Sikupiga hata unywele teke. Mwashi alikuwa ameketi kwenye benchi akipangusa macho kwa kofia, anajifanya ni vumbi. Nikachukua Biblia niirudishe mezani, nikatafuta kitana nikiweke pale tulipofikia, sikukiona. Baba alikuwa nacho. Alikuwa amekishika kwa mkono wake wa kushoto, chini ya shuka, na sasa akakitoa, akakiinua kwa taabu. Alikuwa ananielekezea mimi.

Midomo yake ilihangaika. Neno halikuja, lakini sikulihitaji, nilikuwa nimeulizwa swali hilo kwenye mlango ule maisha yangu yote ya utoto, na kengele ya shule haikuwa inanikimbiza tena.

"Limeshuka, Baba," nikasema.